Nukta na Mswada wa Kufa Vizuri

Daktari alisema, "Ugonjwa wako umeendelea vizuri," na papo hapo mgonjwa akainua kidole kama mwanafunzi darasani.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, msahihishaji wa vitabu katika nyumba moja ya uchapishaji. Kazini walimwita Nukta, kwa sababu hakuna sentensi iliyowahi kupita mikononi mwake bila kufungwa sawasawa. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa kwenye dawati lilelile akiwinda herufi zilizopotea njia, na kazi ikikaa kwenye damu haivuliwi mlangoni kama viatu. Basi hata pale, akiwa kwenye gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, picha za ini lake zikiwa zimetundikwa kwenye mwanga, alishindwa kujizuia. Alimwambia daktari kwamba sentensi yake ina kasoro. Ugonjwa ukiendelea vizuri, anayefurahi ni nani?

Daktari, kijana mpole, alivua miwani, akafikiri, akakiri kwamba anayefurahi ni ugonjwa. Saratani ilianzia kwingine ikahamia kwenye ini, na haikuwa na nia ya kuhama tena. Ilikuwepo dawa ya kuipunguza mwendo, ya kuingizwa mshipani kila Jumanne. Ya kuiondoa haikuwepo. Alipobanwa ataje muda, alisema mwaka, pengine na ushee.

Nukta alitoka na bahasha ya picha kwapani, na kwenye ngazi za hospitali kicheko kikamshika. Si kwamba alikuwa jasiri. Lakini kila alipokumbuka sura ya daktari akimtafuta mwenye furaha ndani ya ile sentensi, kicheko kilimpanda upya, mpaka mlinzi wa getini akampa mkono wa hongera, akidhani amepata mjukuu. Nukta aliupokea mkono, akashukuru, akaenda zake.

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alizipokea habari akiwa amesimama, akaketi, akasimama tena, akauliza maswali mawili ambayo hayakuwa na jibu, akatoka. Nukta alijua amekwenda kulia mahali. Alirudi na ndoo mbili za rangi ya njano, akavuta kitanda katikati ya chumba, akaanza kupaka kuta. Hakueleza kwa nini, na mkewe hakuuliza. Waliokaa pamoja miaka thelathini na minne hujua yapi ya kuulizwa na yapi ya kuachwa yapite. Kufikia saa kumi na moja jioni chumba kilikuwa cha njano hivi kwamba ukiingia unakunja uso kama uliyeng'ata limau.

Kesho yake alifika dada yake mkubwa na mabegi matatu. Huyu alikuwa bingwa wa misiba. Alijua viti vipangwe vipi, nani azirai wapi na nani amdake. Aliangua kilio tangu mlangoni, akamkumbatia Nukta kwa nguvu hata akamtoa pumzi.

"Dada, sijafa," Nukta alimwambia.

"Najua, mdogo wangu. Naanza taratibu, nisije nikazidiwa siku yenyewe."

Na pamoja na dada vikaja vitabu. Jirani alileta kimoja, wifi akaleta viwili, binamu wa mbali akatuma furushi zima. Ndani ya wiki mbili vilifika kumi na vinne: vya kuugua kwa subira, vya kuwaaga watoto, vya kuikubali huzuni, na kimoja kilichoahidi kumfundisha msomaji maana ya maisha kwa siku ishirini na moja. Hicho Nukta alikipenda, maana kilimwachia muda mrefu wa ziada.

Kazini hakuwa amemwambia mtu. Alikwenda kama kawaida, Jumanne akaomba ruhusa kwa visingizio vya meno. Kwa hiyo bosi wake, bila kujua lolote, alimwekea mezani mswada mpya wa mwandishi aliyeuza kuliko wote pale ofisini. Mtu huyo aliitwa Mshauri kila mahali. Alijaza kumbi kwa hotuba zake, na wanawake walimlilia mikononi. Mswada uliitwa "Hatua Tisa za Kuaga Dunia kwa Utulivu."

Nukta aliutazama ule mswada, ule mswada ukamtazama. Angeweza kuurudisha. Akachukua kalamu.

Kurasa tatu za kwanza alirekebisha mikato tu. Ukurasa wa nne ulisema kwamba mgonjwa aliyefika hatua ya pili huketi dirishani kimya akitafakari machweo. Nukta aliandika pembeni: "Dirisha letu linatazama tangi la maji la jirani. Nitafakari tangi?" Pale palipoelezwa kwamba katika hatua ya nne mgonjwa huachana na tamaa ndogondogo, aliandika: "Hata umbeya?" Pale ambapo katika hatua ya sita mgonjwa husamehe watu wote na kuomba msamaha, aliandika: "Kuna mmoja bado namfikiria." Kalamu ilikwishashika kasi, na kwa siku nne msahihishaji aliyekuwa hajawahi kumwongezea mwandishi neno lake mwenyewe alijaza pembe zote za karatasi, akijichekea peke yake mpaka wenzake wakawa wanageuka. Mahali pamoja tu alisimama. Mstari ulisema kwamba siku za mwisho kila kitu mdomoni huwa na ladha ya sarafu, hata maji. Akaandika: "Kweli. Umejuaje?"

Mswada ulirudi kwa mwenyewe, na siku mbili baadaye mwenyewe akarudi na mswada. Alikuwa mtu mrefu, suti yake imenyooka, sauti yake imezoea kipaza sauti hata pasipokuwa na kipaza sauti. Alisimama katikati ya ofisi akataka aonyeshwe mtu aliyefanya ufedhuli ule. Bosi alitoka mbio chumbani kwake na sinia la chai, akaomba radhi kabla hajajua kosa.

"Kuna mtu humu," Mshauri alisema, "ananifundisha mimi kufa."

Nukta aliinuka. "Ni mimi. Samahani kwa wino. Ila mimi nakufa kweli, nikaona nikusaidie."

Bosi aliweka sinia kitini, na kwa kuchanganyikiwa akalikalia, vikombe na vyote. Ile sauti ya vikombe ndiyo iliyomponza Nukta. Alijaribu kuubana mdomo, akatazama dari, akafikiria ini lake, haikusaidia. Alicheka mpaka akalazimika kushika dawati.

Kicheko kilipotulia, Nukta alimuuliza tena lile swali la ladha ya sarafu. Mtu mzima yule alitazama sakafu. Akaeleza, kwa sauti ambayo haikuwa ya kumbini tena, kwamba aliambiwa na mama yake kwa simu. Alikuwa aende kumwona Jumatatu, baada ya kutoa hotuba juu ya umuhimu wa kukaa karibu na wanaokufa. Mama alifariki Jumapili. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mtu anayekufa hata mmoja. Hospitali zilimtia kizunguzungu tangu utotoni. Zile hatua alizipanga hotelini. Zilikuwa saba.

"Nikaambiwa tisa zinauza zaidi," alimaliza, na bosi, akiwa angali juu ya vikombe, akakohoa.

Nukta alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe, na hilo lilimshangaza. Akamwambia kwamba Jumanne saa tatu asubuhi ana dripu, na kwamba kiti cha msindikizaji kipo.

Mshauri alikuja kweli, suti na yote. Wodi ile ilikuwa chumba kirefu chenye viti sita vya kulaza mgongo na kitanda kimoja cha dharura. Wagonjwa walijuana kama abiria wa safari ndefu. Alikuwepo Dereva, mzee aliyeendesha malori hadi akastaafu. Alikuwepo bibi wa miaka themanini ambaye wote walimwita Bi Harusi, kwa kuwa alikuja kila wiki amepaka midomo rangi na kuvaa gauni lake bora, akisema kwamba kama ni kuchukuliwa, asichukuliwe na nguo za kazi. Nesi alimsalimu Mshauri, akamfunga Nukta mpira mkononi, akatoa sindano. Mshauri alitabasamu, akawa wa kijivu, akaenda chini kama gunia.

Ilibidi walazwe wawili. Nukta akabaki kitini kwake, Mshauri akalazwa kile kitanda cha dharura, amefunikwa shuka hadi kidevuni na chupa ya maji ya chumvi ikimdondokea mkononi. Saa nne na nusu dada mkubwa akaingia na mfuko wa nguo safi. Alimwona mdogo wake kitini anacheka, akamwona mwanamume mrefu kitandani hana rangi, hana ndugu, hana hata mtu wa kumshika mkono. Machozi yake yalikuwa tayari toka nyumbani, na yeye hakuwa mtu wa kurudi na machozi. Alimshika yule mtu miguu akaanza kumlilia, akimwambia aende salama, aliyoyaacha yatatunzwa.

Mshauri alizinduka katikati ya maneno hayo. Alitazama shuka, akatazama chupa, akamtazama mama asiyemjua anayemwaga machozi miguuni pake, akaamini. Akaanza kuomba msamaha kwa sauti kubwa, akiwataja watu mmoja mmoja: mke wa kwanza, fundi wa gari, mama yake.

"Hatua ya sita," Nukta alimtangaza kutoka kitini. "Ameruka tano zote."

Dereva alicheka mpaka mashine yake ikaanza kupiga kelele, na nesi akaja mbio kuizima, naye akicheka.

Alipoweza kusimama, Mshauri alizunguka chumba kwa aibu, akafika kwenye kabati la kona. Lilikuwa limejaa vitabu vya kufa, vya kuugua, vya kuomboleza, vilivyoletwa na ndugu wa wagonjwa kwa mapenzi yote na kuachwa pale. Karibu vyote vilikunjwa kwenye ukurasa wa ishirini. Dereva alimweleza kwamba yeye huwa anashukia hapo, maana barabara mbele ni mbovu. Kitabu cha Mshauri mwenyewe, kile kilichomletea umaarufu, hakikuwemo kabatini. Alikikuta dirishani, kimezuia kioo kisijifunge. Alikichomoa, dirisha likajipigiza, upepo ukakatika, na joto likaingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi.

"Kirudishe, mwanangu," Bi Harusi alimwambia kwa upole. "Hicho ndicho kilichotusaidia kuliko vyote."

Mtu mwingine angekwenda zake asirudi. Yeye alirudi Jumanne iliyofuata, bila suti. Alikuja na daftari, wakamwambia aliweke. Kulikuwa na beseni la kushika wagonjwa wakitapika. Mara ya kwanza alilishika amefumba macho, na ilikuwa hasara kwa viatu vyake. Mara ya tatu aliweza kulishika macho wazi. Alijifunza kumkanda Dereva miguu, kumsogezea Bi Harusi kioo, na kunyamaza, jambo lililomgharimu kuliko sindano. Nukta alipoona anataka kusema jambo la hekima, alimwinulia kidole tu, naye akalimeza. Wagonjwa ndio waliosema. Walikadiria nani kati ya ndugu zao atalia kwa uongo. Walishindana kwa vitabu vibaya walivyoletewa, wakivisoma kwa sauti za kigogo wa mkutano. Jumanne ikawa siku ambayo Nukta aliingoja, na akamwambia mumewe kwamba watu wanamletea vitabu vya maana ya maisha, naye hata hiyo maana hana pa kuiweka, ratiba yake imejaa.

Kisha ikafika Jumanne ambayo kiti cha Dereva kilikuwa kitupu. Nesi aliwaambia kwa maneno machache, kwamba ilikuwa Jumamosi, kwamba wanawe walikuwepo. Hakuna aliyefanya mzaha siku ile. Bi Harusi alijifuta rangi ya midomo kwa leso. Mshauri alikaa karibu na kiti kile mpaka saa ya kuondoka.

Nukta alirudi nyumbani, akaingia chumbani, na zile kuta za njano zikamrukia. Alimfokea mumewe kama hajawahi kumfokea. Alimuuliza nani alimwambia anataka njano, kwani yeye kifaranga, na kama anadhani kifo kinaogopa rangi. Mumewe alisimama mlangoni na brashi yake, akangoja amalize.

"Nilitaka ukiamka asubuhi," akasema, "usikumbuke mara moja. Upate dakika moja tu hujakumbuka."

Nukta alikaa kitandani akalia, kilio chake cha kwanza tangu siku ya daktari, na alilia kama mtoto, kwa kelele na makamasi. Aliogopa. Hakutaka kwenda. Mumewe alikaa naye, hakutoa shauri lolote. Walilala mchana ule wamevaa viatu, wamekabiliana pua kwa pua, na alipoamka alitazama dari.

"Kuna kona umeiruka pale juu."

Mumewe alitazama, na kweli ilikuwepo. Wakaanza kucheka tena.

Mshauri alizitupa zile hatua tisa. Aliandika kitabu kingine, chembamba, ndani yake kuna beseni, kuna dirisha, kuna kabati la kona, na kuna namna ya kukaa na mtu anayekufa bila kumfanyia hotuba. Jina alilitoa kwa Dereva, ambaye wiki moja kabla ya kuondoka alikuwa amesema, "Kufa si kazi ngumu. Kazi ni kukaa na wanaokuja kukutazama." Basi kikaitwa "Kufa si Kazi Ngumu." Nukta alikisahihisha kitandani, mumewe akimsomea kwa sauti pale macho yalipochoka. Alikipitia mara nne. Aliwaambia wote kwamba hiki ndicho kitakuwa kitabu chake cha kwanza maishani kisicho na kosa hata moja, na alikuwa tayari kuapa.

Uzinduzi ulifanyika katika chumba cha kulia cha wafanyakazi wa hospitali, Jumanne, bila shaka. Viti vilipangwa na dada mkubwa. Bosi aliyaleta maboksi moja kwa moja kutoka kiwandani, akayafungua mbele ya watu, akampa Mshauri nakala ya kwanza aiinue juu. Mshauri aliiinua, akaitazama, mkono ukabaki hewani.

Ndani ya kitabu hakukuwa na kosa. Lakini jalada halikupitia kwa Nukta. Lilitoka kwa mchoraji likaenda kiwandani. Na mchoraji alikuwa ameongeza herufi moja. Kwa maandishi makubwa ya bluu, kitabu kilisema: KUFUA SI KAZI NGUMU. Chini yake palikuwa na picha ya kitambaa cheupe kinachopepea angani, ambayo mchoraji alikusudia iwe alama ya amani, na ambayo sasa, mtu yeyote angekubali, ilikuwa shuka kwenye kamba.

Bosi alisema yote yarudi kiwandani, yakasagwe, leo hii. Watu wote waligeuka kumtazama Nukta, miaka yake thelathini na moja, mara zake nne, kiapo chake. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, nakala mapajani. Alilisoma jalada. Akalisoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika, na dada mkubwa akamkimbilia akidhani saa imefika.

Haikuwa saa. Nukta alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti ambayo si ya mtu mgonjwa kabisa. Bi Harusi akaanza, rangi ya midomo imerudi mahali pake. Nesi akaegemea ukuta. Bosi alijaribu kukasirika, akashindwa. Na dada mkubwa, ambaye hakuwa amecheka tangu alipoingia na mabegi yake, alitoa mlio mmoja kama wa jogoo, akajiziba mdomo, akatoa mwingine.

"Atakayeigusa hiyo herufi," Nukta alisema alipopata pumzi, "nitamtokea. Naapa nitamtokea."

Hakuna aliyetaka kutokewa na Nukta. Vitabu vikatoka kama vilivyo. Wenye maduka walivipanga karibu na sabuni. Wapo walionunua wakarudi kulalamika kwamba hakuna hata mstari juu ya madoa. Wapo waliorudi kimya kimya, wakanunua cha pili kumpelekea mtu.

Mwaka wa daktari ulikwisha, ukaingia ushee. Nukta alikuwa amekonda akabaki kama alama ya mshangao, na hakutoka tena kitandani isipokuwa kwa kubebwa, alipobisha hodi mtu mmoja mnene, mikono yake imechujuka kwa maji na sabuni. Alikuwa dobi. Alikuwa amemwandama bosi mpaka akapewa anwani ya nyumba.

Alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kwamba alikinunua kitabu kwa ajili ya biashara, kwani ana tatizo la madoa ya wino. Alianza kukisoma amesimama kati ya ndoo. Baba yake alikuwa anaumwa chumba cha nyuma, mwezi wa pili ule, na yeye alikuwa hajaingia humo hata mara moja. Chakula alikuwa anakituma kwa mikono ya wengine, akisema kazi imezidi. Ukweli ni kwamba aliogopa, hakujua mtu anasema nini akiingia. Kitabu kikamwambia si lazima aseme kitu. Akaingia, akashika beseni.

"Tulipata siku kumi na tisa," dobi alisema. "Mzee yule, kumbe alikuwa mcheshi. Sikuwa najua."

Nukta alimshika ile mikono iliyochujuka, wakakaa hivyo.

Kisha dobi alijikohoza, akasema kwamba hata hivyo, mama, bila kumkosea heshima mtu, yale madoa ya wino bado hayatoki. Naye asingependa kuondoka mikono mitupu pahali alipofadhiliwa, kwa hiyo angeomba achukue mashuka akayafue. Nukta alikataa, mumewe akakataa, dobi akawa ameshaanza kuchomoa pembe za shuka. Hapakuwa na namna. Mume aliingiza mikono chini ya mkewe akamwinua, mwepesi kama furushi la nguo kavu, akasimama naye katikati ya chumba, miguu yake ikining'inia, huku dobi akizunguka kitanda na kuvuta huku na kule. Nukta alimfunga mumewe mikono shingoni. Mume, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, alianza kuyumba naye taratibu, hatua moja kushoto, moja kulia.

"Usifanye haraka," Nukta alimwambia dobi.